Karambo ya Plamu kwa Wakwe wa Dada

Mama alijifunza kupika karambo katika nyumba ya watu huko Loresho, alikofanya kazi ya upishi miaka mingi kabla magoti hayajamshinda. Jina lenyewe la Kizungu lilikataa kukaa vizuri ulimini mwake, akalitamka alivyoweza, na sisi wanawe tukakua tukijua kwamba matunda yaliyookwa chini ya unga na siagi huitwa karambo. Nyumbani kwetu Kangemi hatukuwa na oveni. Mama aliioka ndani ya sufuria nzito, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko, na siku ya Krismasi majirani walijua tu kwa harufu.

Sisi wasichana tulikuwa wawili. Dada yangu ananizidi miaka sita. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kwenda shule, yeye ndiye aliyenifundisha kufua soksi usiku zikauke asubuhi. Nilipopata mimba nikiwa kidato cha nne, Mama alikaa wiki nzima bila kunisemesha. Dada alitoka kazini mjini, akaja na viatu vyake vya ofisi vikiwa na matope, akasimama katikati ya nyumba na kusema, "Mtoto si maiti. Tutamlea." Binti yangu alipozaliwa, mikono ya kwanza kumpakata baada ya yangu ilikuwa ya dada. Nayasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa namwonaje.

Mtoto alikuwa na miezi minane dada aliponipigia simu. Alikuwa amepanga nyumba Jamhuri, vyumba viwili na jikoni yenye oveni ya gesi. Kulikuwa na mwanamume waliyependana kwa muda mrefu. Mimi nilimjua, mara mbili tatu alikuwa amekula ugali wangu na kumrusharusha mtoto hewani.

"Wazazi wake wanakuja Jumapili kuniona," dada alisema. "Nyama nitaweza. Lakini nataka wamalizie na karambo ya Mama, na wewe ndiye una mkono wake. Utanisaidia?"

Ningekataaje? Ilikuwa msimu wa plamu, zile nyekundu zinazoshuka kutoka Limuru. Jumamosi nilizichagua moja moja sokoni Kangemi: si ngumu, si za kubonyea, zile ambazo ukizishika zinajibu kidogo. Nikambeba mtoto mgongoni, nikashika mfuko wangu, nikaenda Jamhuri.

Jumapili dada hakwenda kanisani. Tuliamka tukafanya kazi pamoja, na nikiri kwamba ilikuwa asubuhi tamu. Alinifunga aproni yake kwa nyuma kama tulivyofungana sare zamani. Nilikata plamu na kutoa kokwa, nikazipanga katika bakuli la kioo, nikazinyunyizia sukari na mdalasini, nikaziacha zitoe maji yake. Kisha unga. Hapo ndipo watu huharibu. Siagi lazima iwe baridi, uikate vipande vidogo, na uisugue ndani ya unga kwa ncha za vidole tu.

"Usikande!" dada alisema akiigiza sauti ya Mama. "Huo si mkate!"

Tulicheka hadi mtoto akaamka.

Unga ulipokuwa kama mchanga mnene nikauongezea sukari, nikaumwaga juu ya matunda bila kuushindilia, nikaingiza bakuli katika oveni. Baada ya nusu saa maji ya plamu yalianza kuchungulia pembeni, mekundu kama divai, yakichemka polepole, na juu kukawa na rangi ya kahawia. Dada alifungua dirisha la jikoni, akavuta pumzi.

"Wakila hii," alisema, "wameisha."

Wageni walifika saa nane: yule mwanamume, baba yake, mama yake na shangazi mmoja. Dada aliniomba nibaki jikoni nipakue, na sikuona ubaya. Mtu mmoja hawezi kupokea wageni na huku anapakua chakula. Niliwasikia wakiomba, wakila, wakisifu nyama. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Ulipofika wakati wa karambo, nililishika bakuli kwa vitambaa viwili, likiwa bado linafuka, nikaingia nalo sebuleni.

Mama wa mwanamume alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mwema. Alinitazama, akatabasamu.

"Na huyu mrembo ni nani?"

Nilikuwa nimeshatabasamu tayari, nikimngojea dada atamke.

"Huyu ni msichana ananisaidia kazi ya nyumba," dada alisema.

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya kusema chumvi hiyo hapo. Nilimtazama. Yeye alikuwa akipanga vijiko. Nikamtazama mwanamume, aliyekula ugali wangu. Alikuwa akiangalia zulia kana kwamba ameangusha kitu. Joto la bakuli lilikuwa limeanza kupenya vitambaa, nami sikuweza kusogea.

"Weka hapo tu," dada aliniambia. "Asante."

Nikaweka. Nikarudi jikoni. Nilisimama mbele ya sinki nikafungua maji, yakamwagika bure, nami nikasikia shangazi akiuliza nani amepika kitu kitamu hivi, na dada akijibu kwamba ameamka alfajiri kukioka mwenyewe.

Mtoto alianza kulia. Nilimtoa chumbani, nikamketisha kiunoni, nikaanza kuosha sahani kwa mkono mmoja. Mama wa mwanamume akaingia na vyombo. Nadhani alitaka tu kusaidia. Si wageni wote hukaa wakihudumiwa.

"Kumbe una mtoto! Ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Na baba yake?"

"Hayuko."

Hakukunja uso. Alimshika binti yangu shavu. "Umefanya kazi na mkaza-mwanangu miaka mingapi?"

Kulikuwa na majibu mengi. Sebuleni dada alikuwa amenyamaza. Najua alikuwa akisikiliza. Ningesema neno moja na siku yake ingeanguka.

"Tangu nikiwa mdogo," nilisema.

"Basi umshukuru Mungu, msichana wangu. Wengine wangekufukuza na mimba yako. Huyu amekukubali na mtoto wako ndani ya nyumba. Hiyo si roho ya kawaida." Akanishika bega, akafinya kidogo kwa upendo, akarudi kumsifu dada yangu mbele ya watu.

Walipoondoka, dada alifunga mlango na kubaki ameuegemea kwa mgongo.

"Nilishtuka," alisema. "Neno lilitoka tu."

"Lilitoka wapi?"

Alitoka mlangoni, akaanza kukusanya vijiko. Nikamuuliza, "Umewaambia tuko wangapi kwetu?"

Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Baba yake ni mzee wa kanisa. Kwao hakuna msichana amezaa nyumbani. Niliwaambia mimi ni msichana pekee. Hiyo ni kitu ya muda tu, haki. Tukishaoana nitawaelezea polepole."

"Kwa hiyo ulipopiga simu ulikuwa unajua."

"Nilitaka waionje karambo ya Mama."

"Ulitaka karambo. Mimi hukunitaka."

Alilia. Mimi sikulia. Nilikunja nepi za mtoto, nikavua aproni na kuitundika mahali pake, nikatoka. Kwenye bakuli mezani hakukuwa kumebaki hata chembe.

Njia nzima hadi Kangemi nilikuwa napanga namna ya kumweleza Mama. Nilijua ingemuuma. Nilimwona tayari akijifunga leso kwenda Jamhuri kumtandika mtu mzima kwa maneno. Nilimkuta uani akichambua maharagwe kwenye uteo. Nikamsimulia yote, hadi la kufinywa bega. Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Alinieleza."

"Alikueleza lini?"

"Mwezi uliopita. Nilidhani atakuambia mwenyewe kabla hujaenda."

Sikujua kuna kitu kinaitwa kukosa mahali pa kuegemea hadi wakati ule. Nilikuwa nimesimama uani kwetu, mtoto mgongoni, na nyumba ile nilimozaliwa ikawa kama ya watu wengine.

"Na ukakubali?"

"Ningefanya nini?" Sasa aliinua macho. "Wewe umeshaanguka, na mimi sikusemi tena kwa hilo. Yeye yuko karibu kuvuka. Mmoja wenu akivuka atamvuta mwenzake. Mkizama wote wawili mimi nitashika nani?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Siku watakapokuja hapa na posa, utaenda mahali. Siku moja tu, mwanangu."

Siku hiyo ilipofika, wiki sita baadaye, nilienda Kenyatta Market kusukwa. Nilichagua kusudi msuko mwembamba, ule unaomaliza siku nzima. Wasusi wawili walinishika kichwa, mmoja kila upande, mtoto akiwa mapajani mwangu anatafuna kipande cha mfupa wa nyama choma alichopewa na mama wa kibanda cha pili. Kangemi wakati ule walikuwa wanafungua kreti za soda. Najua kwa sababu nilizipanga mimi jana yake, pamoja na viti.

"Unaenda sherehe?" msusi wa kulia aliuliza.

"Dada yangu anaposwa."

"Lini?"

"Leo. Saa hii."

Alicheka, akidhani natania. Msusi wa kushoto aliinama akaniangalia usoni, na mikono ya wote wawili ikasimama. Walikuwa watu nisiowajua, na nikawaambia ukweli wote, plamu, bakuli, uteo wa maharagwe. Ndipo nilipolia, nywele zikiwa nusu zimesukwa. Hawakunipa ushauri wowote. Mmoja alimchukua mtoto, mwingine akaendelea kusuka polepole zaidi, na kwa hilo ninawakumbuka hadi leo.

Harusini nilikwenda nikakaa nyuma kabisa kama jirani. Mwaka uliofuata dada alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, na Mama, ambaye magoti yalikuwa yamemshika, akaniomba nimpelekee uji hospitalini. Nilipeleka. Damu ni damu. Nilikuwa nikimmiminia dada kikombe, mama mkwe wake alipoingia.

"Kumbe bado uko naye!" alisema kwa furaha, akanikumbatia. "Na katoto kako kameanza kutembea?"

Nilimgeukia dada. Alikuwa amelala chali, midomo mikavu, mtoto ubavuni. Alikuwa ameshaolewa. Alikuwa na mtoto. Hakukuwa na cha kuvuka tena. Nikangoja, na nikaapa moyoni kwamba akisema sasa hivi nitamsamehe yote.

"Ndiyo," alisema. "Bado ananisaidia."

Nikaweka chupa ya uji mezani.

"Mama," nilisema, "mimi ni mdogo wake. Tumezaliwa tumbo moja. Ile karambo ya plamu niliioka mimi, na yule mtoto uliyemshika shavu ni wa kwetu."

Yule mwanamke alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakaa. Alimtazama dada, akanitazama mimi, akamtazama dada tena, na nadhani alikuwa anaona sura zetu kwa mara ya kwanza.

"Mlinificha kwa sababu ya mtoto?"

Dada alifunika macho kwa kiganja.

"Kaka mkubwa wa mume wako," alimwambia polepole, "nilimzaa nikiwa nyumbani kwa mama yangu, kabla sijaolewa. Mzee alinichukua naye. Wazee wote wa kanisa wanajua, ni watoto tu hatukuwaambia. Mngeuliza tu." Akamfunika mjukuu vizuri. "Nilikusifu pale jikoni. Nilimwambia huyu mtoto wa watu amshukuru Mungu kwa ajili yako."

Alisimama akanishika mikono yote miwili, akaniomba msamaha, yeye asiyekuwa na kosa. Nikatoka kabla sijaangua kilio mbele ya wagonjwa.

Dada alichukua miaka miwili. Alikuja Kangemi peke yake alasiri moja, akaketi kwenye ngazi kando yangu, akasema bila kuzungusha kwamba alinionea haya, kwamba hakuwa na sababu nyingine, na kwamba siku ya hospitali ulimi ulikuwa umezoea. Nilimwamini kwa sababu hakujitetea. Nilimsamehe, si siku hiyo, lakini nilimsamehe. Wanetu wanaitana ndugu.

Mama hakuwahi kuzungumza tena juu ya jambo lile. Alijua kwamba sijasahau, nami nilimpikia, nikamkanda magoti, nikampeleka kliniki. Wakati mwingine, nikimkanda, aliniwekea mkono kichwani na kuuacha hapo kwa muda mrefu, nami nilingoja aseme. Halafu aliuondoa, akauliza kama maji ya kuoga yamepata moto.