Kovu la Kisigino

Mwalimu wetu wa yoga, msichana wa Nairobi aliyenizidi kila kitu isipokuwa umri, aliniambia mwili wangu ni baridi kwa sababu nafikiri sana. "Usijali, moto itakuja yenyewe," alisema. "Wewe kuja tu kila wiki, na kwa nyumba ufanye kila asubuhi." Nilitamani kumwuliza mtu wa Pwani anayeishi kwenye baridi ya Kinoo atapata wapi moto mwezi wa Julai, lakini nilikuwa nimekwisha kuvua viatu.

Darasa lenyewe ni Jumanne, ghorofa ya juu ya jengo tunalofanyia kazi Hurlingham. Siku nyingine kazi za ofisi nazifanyia nyumbani kwa ajili ya mama. Jumanne hukaa naye jirani yangu, mtu wa kanisa kutoka magharibi ya nchi. "Hiyo yoga yenu naona ni ya mashetani," huniambia. "Lakini enda tu, mama niko naye."

Mama amenisahau. Nalisema hivyo hivyo, nimechoka kulizungusha. Alianza kusahau nyumba, halafu mwaka, halafu mimi. Wala si kwa ubaya. "Nisamehe kwa kukusumbua, binti wa watu," huniambia nikimvisha soksi. "Mwanangu akija atanichukua." Yuko hapo anautazama mlango akinisubiri, nami nimempigia magoti miguuni. Nimemwonyesha picha. Nimempikia mbaazi za nazi alizonifundisha mwenyewe. Alikula, akashukuru, akauliza kama mwanawe amepiga simu. Huyo mwanawe nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Sikuingia yoga kwa kuiamini. Niliingia kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfokea mama, na siku moja nilimvuta mkono mpaka ukabaki na alama. Yeye akaniomba radhi. Nilikwenda kulia bafuni, na Jumanne iliyofuata nikapanda ghorofani.

Basi kila alfajiri, baada ya swala, nilitandika mkeka sebuleni. Nikavuta pumzi mpaka kitovuni, nikakunja na kukunjua magoti yanayolia, nikaungoja huo moto. Haukuja. Mwisho wa yote ni kulala chali bila kutikisika, mkao wanaouita maiti. Mara ya kwanza niliposikia jina hilo nilisema astaghfirullahi kimoyomoyo. Nikauzoea. Sakafu ya Kinoo haina huruma, kwa hiyo nilijifunika leso ya kujitanda mpaka usoni, na kwa kuwa leso ni fupi miguu ilibaki nje.

Sasa, mama yangu kule kwetu alikuwa mwosha. Wanawake wa mtaa mzima waliofariki walipita mikononi mwake. Sijui kwa nini sikulikumbuka hilo.

Asubuhi moja nilimsikia akiburura ndara sakafuni, kisha zikasimama. "Innalillahi," alisema, kwa ile sauti yake ya kazini. Akaketi taratibu karibu na miguu yangu. Niliwaza kuinuka, nikaogopa kumshtua, mtu mzima mwenye presha. Nikajilalia. Akavua mtandio wake, akaviunganisha vidole vyangu vikubwa vya miguu na kuvifunga pamoja. Vifungo vya gauni lake namfungia mimi, lakini fundo lile alilifunga bila kusita.

Kidole chake kikapita kwenye kisigino cha kushoto, penye kovu nililopata kwa kukanyaga chaza nikiwa na miaka saba. Jeraha hilo aliliuguza yeye. Kidole kikapita, kikarudi. Akaita jina langu la nyumbani, ambalo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya mwaka.

"Mwanangu," alisema. "Kumbe ndiyo maana hukuja."

Nilibana meno chini ya leso. Akakikumbatia kisigino kwa viganja vyote viwili, kisha akapiga kelele. "Bado ana joto! Mwanangu bado ana joto!" Akalifungua fundo kwa papara, akaanza kunisugua nyayo, akiniita na kuniita. Na kweli nilikuwa na joto. Lilipanda kutoka miguuni mpaka kifuani, na machozi yakaniingia masikioni.

Hapo nikakosea. Niliivuta leso, nikainuka, nikasema, "Mama, ni mimi. Mimi mzima."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akaiondoa mikono yake kwa adabu, kama mtu aliyegusa kitu cha watu. "Binti wa watu," alisema, "mwanangu alikuwa hapa sasa hivi. Hukumwona akitoka?"

Siku hizi mwalimu ananisifu mbele ya darasa. "Mnaona huyu mama? Hakosangi hata siku moja." Sijamwambia kitu. Kila alfajiri najifunika uso, nakiacha kisigino nje, na kusubiri. Mara nyingi mama ananiruka tu kwenda msalani. Siku nyingine anaketi. Najua lazima nimtishe kwanza ndipo anipate, na dhambi hiyo nimeibeba, maana njia nyingine sina.

Jana alikishika kisigino akakilaza mapajani mwake.

"Mbona umekawia hivyo?" aliniuliza.

Jibu nilikuwa nalo. Niliendelea kupumua chini ya leso, nikanyamaza, kwa sababu sauti yangu anaijua kuwa ni ya binti wa watu.