Kigari Chekundu na Samaki wa Kiswere

Juzi nilisimama kwenye kituo cha mafuta, mtu mmoja akafungua buti la gari lake, nikanusa samaki waliochanganyika na ubani. Nilicheka peke yangu, hadi mhudumu akaniuliza kama niko salama. Harufu hiyo ninyi hamuijui. Mimi nimekulia ndani yake, pale kijijini Miteja, kwenye kigari chekundu cha shangazi yangu.

Shangazi Mwanahawa alikuwa mwalimu kule Tingi, na alichoka kufika shuleni amelowa chapachapa juu ya bodaboda. Basi moyo wake ukakiangukia kigari cha milango miwili, kifupi, cha kukaa chini chini, chenye mngurumo mkubwa kuliko umbo lake. Muuzaji, aliyekileta kutoka Lindi, alituachia tukijaribu hadi Ijumaa. Lakini kingenunuliwa kwa pesa za korosho za Bibi, mama yake, na Bibi asiporidhika kingerudi Lindi. Muuzaji alikisifu mpaka jasho likamtoka. Bibi akamwambia, "Chema chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza," kisha akaingia ndani kutafuta ushungi wake.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kona. Bibi alikaa mbele na sufuria ya tui mapajani, bila mfuniko. Mimi nikabanwa nyuma na gunia la korosho.

"Likimwagika, simo," alisema. "Na ukumbuke, mwenda pole hajikwai."

Shangazi akakanyaga mafuta hata hivyo. Loo! Kigari kilishika lami kana kwamba kimezaliwa nayo. Tui likapanda hadi ukingoni, likasita, likarudi. Sijapata kuona kitu kitiifu namna ile. Kwenye njia ya shambani, siwafichi, kilikuwa kigumu, na kila shimo tulilipokea kwa mifupa yetu. Lakini mchangani hakikukwama, na gunia lilifika.

Nilidhani tumemaliza. Bibi akasema bado mlima. Tukapanda mlima. Akasema bado breki, bado upepo wa madirishani, bado kuwahi Tingi kabla ya kengele ya shule. Kila jaribio kigari kilifaulu, na kila lilipokwisha Bibi aliguna na kutunga jingine. Shangazi akaanza kukosa usingizi. Nilimsikia jikoni akimwambia mama yangu, "Wifi, mama hakitaki. Anatafuta sababu tu."

Alhamisi likaja la mwisho: twende hadi Kiswere, mbali kule pwani, tukanunue samaki, tuone kama buti linazuia harufu. Nakumbuka safari ile kuliko sikukuu zangu zote. Vilima, kona, upepo wa chumvi ukiingia dirishani, na injini ikiimba bila kuchoka. Kwenye mteremko mmoja mrefu nikasikia sauti ndogo kutoka kiti cha mbele.

"Mwanahawa. Ongeza kidogo."

Buti halikuzuia kitu. Tulirudi tukinuka kama mtumbwi wa samaki, na Shangazi aliendesha huku machozi yakimtoka, maana sharti lilikuwa wazi na gari lilikuwa limeshindwa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, muuzaji akaja. Bibi alifungua buti akamwita ainame anuse.

"Sasa hili nani atalinunua?" alimwuliza. "Tumekuharibia mali yako, baba. Liache hapahapa." Akaagiza chetezo, akakifukiza ubani kigari kizima, huku Shangazi amemkumbatia kiunoni hataki kumwachia.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama sifa za gari, na lilistahili. Ni ukubwani ndipo nilipokumbuka kwamba wachuuzi wa samaki walipita mlangoni petu kila asubuhi. Hakuna mtu wa Miteja aliyefuata kitoweo Kiswere. Nikakumbuka pia kwamba kabla ya wiki ile, Bibi alikuwa hapandi gari ila kwa kwenda hospitali au kuzika. Kigari kilikuwa kimefaulu tangu kona ya kwanza. Bibi ndiye aliyekuwa hajashiba.