Nyuki Weusi wa Mama Namalwa

Mama Namalwa amefagia kanisa letu la Subukia miaka kumi na tisa. Mwaka jana nyuki wakubwa weusi walitoboa boriti, vumbi la mbao likawa linamwagikia meza ya Bwana. Akaona huko ni kumkosea Mungu heshima. Akajaza kila shimo mafuta taa, nyuki wakafa wote.

Msimu wa maua ulipofika, pasheni zake, yale matunda anayouza sokoni, zilichanua sana, lakini maua yakaanguka bila tunda. Na ni pasheni hizo zinazomlisha tangu awe mjane. Akamwita Khisa, shemeji yake anayeuza miche.

"Shemeji, ni ugonjwa?"

"Ugonjwa gani! Hili ua linataka nyuki mkubwa wa kulibebea chavua. Wako wapi wale wa kanisani?"

Mama alikaa chini kwenye nyasi. "Niliwaua mimi, tena nikiimba."

"Basi nyuki sasa ni wewe," Khisa akasema, akamwokotea unyoya wa kuku.

Kila asubuhi alipapasa ua moja moja kwa unyoya ule, akihamisha chavua, ijapokuwa magoti yanamuuma. Wiki ya tano akakuta nyuki mweusi ametangulia. Akarudi nyuma polepole, akamwachia mstari wote wa pasheni.