Shikamoo Iliyomlaza Mfalme Wangu

Mwanangu Rehema kanitemea uji kifuani sasa hivi. Nimestahili, jamani.

Nusu fainali ya sataranji ya wanawake, hapa Ngamiani. Mwanahamisi wa Makorora nilishamshika, bado hatua moja nimfunge.

Akaingia mama mkwe.

Nami kwa adabu zangu nikainuka: "Shikamoo, mama!" Mkono wa buibui ukamzoa mfalme wangu, akalala chali.

Mwanahamisi akanipa mkono. "Ahsante, shoga. Ukimlaza mfalme umekubali kushindwa."

Mama mkwe akaruka: "Kaniamkia mimi, si wewe!"

Mwamuzi akaenda kusoma sheria.

Nyie mngekaa kitako mkwe anaingia? Semeni kweli!

Haya, mwamuzi ananiita: "Mama Rehema, msimamishe mfalme wako, cheza!" Mama mkwe kashambeba mtoto, anasema nisipomfunga huyu leo, nisimwamkie tena!