Koti Juu ya Cherehani

Wanaume waliokuwa ukumbini siku ile bado husema kwamba nilishinda kwa bahati. Bahati gani? Nimezika mume, nimeambiwa nihame nyumba ya wafanyakazi, nina wasichana wawili wa kulisha, halafu mtu ananiambia bahati! Watu wengine Mungu aliwapa mdomo akasahau kuwapa haya.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani, hapa Kisumu. Huko melini walicheza poka, naye akaileta nyumbani. Nilijifunza kwa hasira, kwa sababu nilichoka kumwona akitoka kila jioni kwenda kutafuta wenzake wa kucheza. Nikamwambia, kaa hapa, nifundishe mimi. Haukupita mwaka akawa analalamika kwa majirani kwamba amefuga nyoka ndani ya nyumba. Kakake mkubwa, mwenye duka Katito, alikuwa akija mjini tunacheza watatu. Huyo ndiye shemeji ninayetaka kumsema, na nitamsema.

Mume wangu alipofariki, shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akatoa hotuba ndefu. Alisema marehemu alimshika mkono hospitalini akamwambia, "Kaka, nyumba yangu nakuachia wewe," yaani mimi na wasichana wangu. Nilikuwa kando ya kitanda kile. Mume wangu siku zake za mwisho hakuweza hata kuomba maji! Lakini mimi nilikuwa mjane, nimevaa koti la marehemu kama desturi yetu inavyotaka, na nani amwulize mjane? Unavaa nguo ya mumeo mpaka mwanamume wa ukoo akurithi. Kabla ya hapo unaogopwa. Huingii nyumba za watu, na anayegusa vitu vyako ovyo anaweza kupata chira, ile laana inayomkausha mtu mpaka abaki mifupa. Nilikataa kurithiwa. Niliwaambia mimi ni mtu wa kanisa. Wakanijibu kwamba kanisa ni Jumapili.

Basi njia zilikuwa mbili. Niende Katito niwe mke wa tatu wa shemeji, au nipate chumba Obunga, mtaa wa maskini hapa hapa mjini, nijilishe kwa kushona. Kushona nilijua, masista walinifundisha nikiwa msichana. Cherehani ndiyo sikuwa nayo, na mwisho wa mwezi nyumba ilikuwa inatakiwa.

Ndipo kamati ya ukumbi wa mtaa ikatangaza mashindano ya poka, harambee ya kuezeka shule ya watoto wadogo. Kiingilio kilikuwa bati moja. Zawadi ilikuwa cherehani mpya ya kukanyaga kwa miguu, aliyoitoa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mzee huyo alileta pia mkebe wa vifungo vya mashati, tuvitumie kuwekea dau. Nilibandua bati kwenye kibanda changu cha kuku, nikalibeba kichwani mchana kweupe nikiwa na koti langu la ujane. Walicheka. Katibu wa kamati aliniuliza kama nimemletea mtu.

"Nimejiletea mwenyewe, Bwana Katibu," nikamwambia. "Andika."

Naye shemeji alikuwa amekuja na bati lake.

Poka yetu haikuwa na mambo mengi. Unapewa karata tano, unaweka vifungo, unabadilisha karata usizozipenda, halafu mnapandishiana dau. Usipotaka kuendelea unatupa karata, na aliyebaki anachukua vifungo vyote bila kuonyesha alichoshika. Hapo ndipo penye uongo. Ukiweza kumtisha mwenzako atupe, hata takataka zinashinda.

Tulianza asubuhi, meza zimejaa makarani, watu wa bandarini, walimu. Mmoja mmoja wakaishiwa vifungo wakaenda kunywa chai. Na wacha niseme jambo linalonichoma mpaka leo: wote walishika karata nilizozishika mimi. Walivuta vifungo kutoka chini ya vidole vyangu kwa pupa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka chira! Mjini tunajifanya tumesahau, bora tu kuna kitu cha kupata.

Alasiri tulibaki wawili, mimi na shemeji. Ukumbi ulijaa. Nyuma yangu alisimama shangazi wa mume wangu, mama mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hakujua poka ila alijua kila kitu kingine.

Nikapata malkia watatu. Hiyo ni karata nzuri, mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuipinga. Shemeji akasukuma vifungo vingi katikati ya meza, akaanza kuongea. "Shemeji, mimi sitaki kukuaibisha. Mimi ni kama ngao yako. Nimeshika kitu kizito hapa, nakuogopea, mama watoto." Aliongea, akaongea. Shangazi akaniinamia sikioni, ila kwa sauti yake ile ukumbi wote ulisikia: "Mwachie. Mwanamke hashindani na mwenye nyumba yake mbele za watu."

Nikatupa malkia wangu watatu.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha, nikipika, nikifua, nikiwa kanisani pia. Sikuogopa karata zake. Niliogopa macho ya watu, yale macho yanayokupima kama wewe ni mwanamke mzuri au mbaya. Shemeji akazifunua za kwake juu ya meza huku akicheka. Hakuwa na kitu! Karata tano zisizojuana. Wanaume wakapiga makofi.

Lakini mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Nilikaa pale nikakumbuka ile hotuba ya matangani. Maneno mengi kama yale yale, upole ule ule wa kunionea huruma. Shemeji akiwa na kitu hunyamaza. Akiwa mtupu huhubiri. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimelisikia likivuma juu ya jeneza la mume wangu.

Nikangoja. Alipokuwa kimya, nilitupa karata mapema. Alipoanza maneno, nilimfuata, na vifungo vyangu vikarudi kidogo kidogo. Mwishowe akasukuma vyote alivyokuwa navyo. Nilikuwa na jozi ya tano tu, tano ya kopa na tano ya pau, karata ambayo mtu mwenye akili angeona haya kuitegemea. Shemeji akaegemea kiti.

"Shemeji, fikiria watoto. Ndugu yangu aliniambia nikutunze. Tupa, mama, tumalize vizuri."

Shangazi naye akaanza, "Mwachie..."

"Shangazi, nyamaza!" nikasema. Ukumbi ukashtuka. Na mimi nilishtuka. "Shemeji, nakuona. Fungua."

Hakufungua haraka. Alipofungua palikuwa na mfalme mmoja na vikaragosi vyake, hakuna hata jozi. Nikaweka tano zangu mbili mezani. Jozi ya tano! Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni alipiga kigelegele peke yake.

Unadhani yaliishia hapo? Katibu alipanda jukwaani akamsifu mwenye duka, akaisifu kamati, akajisifu mwenyewe. Kisha akasema zawadi itapokelewa na mwakilishi wa familia ya mshindi, akamwita shemeji. Shemeji! Mtu niliyemshinda! Akapanda akiwa amenyoosha mabega, akashikana mkono na kila mtu, akasema, "Asanteni. Cherehani imefika nyumbani. Tunaipeleka Katito leo, na mwenyewe atakuja kushonea huko kwa watu wake." Wakapiga makofi tena. Wanaume wawili wakasogea na kamba, basi la jioni lilikuwa likingojea.

Sikulia. Watu husema nililia, ni uongo. Nilipanda jukwaani, nikavua koti la marehemu mume wangu mbele yao wote, nikalitandaza juu ya cherehani, nikalivuta mpaka likafunika gurudumu la kushonea.

Wenye kamba waliruka nyuma. Mmoja aliiangusha kamba yake akaiacha pale pale. Katibu akashuka jukwaani. Shemeji, mwenye maneno ya kuwagawia watu wote wa kwao Nyakach, alinyoosha mkono kuelekea koti, akaurudisha mfukoni.

"Umeiharibu," akasema mwishowe.

"Basi niachie iliyoharibika."

Alinitazama, akalitazama lile koti, akaondoka. Alikuwa tayari kunichukua mimi mwenyewe na kila kilicho changu, ila si hivyo, si mbele za watu, si kabla ya desturi kutimizwa. Hamali wa mkokoteni aliyekuwa nje alikataa kuigusa. Yule mzee Mhindi hakuelewa lolote. Aliuliza mara mbili, "Nguo tu hii, sasa shida gani?" kisha yeye na mwanawe wakaibeba wenyewe mpaka kwenye gari lao dogo, wakanifikisha nayo hadi Obunga.

Sasa, malkia watatu nilikosea kuwatupa. Hilo halina mjadala. Jozi ya tano nilicheza sawasawa, na ningeicheza hivyo hata kesho. Lakini lile koti! Lile ndilo sijui. Nilichukua ugonjwa wao wa kuogopa chira nikaufanya fimbo, nikampiga nao adui yangu, na fimbo ikabaki mkononi mwangu. Wanawake wa Obunga walinisalimu vizuri, wakanipa chumvi na maji, ila vitambaa vyao walivipeleka mbali kwa fundi mwingine. Walisema, "Mama ni mtu mzuri, lakini ile cherehani." Walionilisha ni wanawake wa Kihindi waliotaka sketi za ndani na blauzi, na hawakujali nani alikufa. Wasichana wangu walisoma kwa sketi hizo.

Nilimshonea mama yangu mzazi gauni kwa cherehani ile ile, kitambaa cha maua madogo ya buluu, mikono mirefu kama alivyopenda. Nilimpelekea nyumbani. Aliligeuza, akaupapasa mshono kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, unashona vizuri kweli." Akalikunja akalirudisha mapajani mwangu. Nilimfokea, Mungu anisamehe, nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mamake. Hakulichukua.

Alipofariki nilifika wakiwa wameshamvisha. Lilikuwa gauni la kununua, jipya, na pindo lake limeshonwa ovyo ovyo, nyuzi zinaning'inia kwenye miguu ya mama yangu. Nikaomba sindano nilirekebishe kabla hawajafunga jeneza. Mama wadogo wakasimama mbele yangu wote pamoja, wakanikataza nisimguse.