Saa Saba Aliyoiacha Ipite

Majirani walimwita Mama Macho, maana usiku wenzake wakikoroma yeye alikuwa kazini, na mchana akitafuta pa kulala kama popo. Miaka kumi na mmoja alikesha katika nyumba za waliojifungua: kubadilisha nepi, kumpa mzazi maji, kumwamsha kila baada ya saa tatu anyonyeshe. Hakuwa mkunga wala muuguzi. Shule aliishia darasa la saba. Lakini wanawe watano aliwalea akisikiliza pumzi zao, na wasiwasi huo ndio uliompatia kazi.

Usiku wa nne katika nyumba ya mwalimu mmoja, mke wa mwalimu alimshika mkono.

"Mama, leo niache. Nikilala mpaka alfajiri tu nitapona."

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni akikunja nguo za mtoto. "Mwache alale. Mjukuu wangu hana makuu, hata kulia hajui. Kamrithi babu yake, yule akilala hata nyumba iungue."

"Babu si alikuwa amelewa?" mzazi akauliza, wakacheka wote watatu.

Saa nne mtoto alinyonya kidogo, akasinzia na titi mdomoni. Ilipogonga saa saba Mama Macho alisimama kando ya kitanda, mkono ukielekea bega la mzazi. Akaona macho yalivyobonyea na midomo ilivyopasuka. Akaurudisha mkono. Mtoto naye amelala; akilia nitamwamsha mama yake, alijiambia.

Hakulia.

Saa kumi alifungua nepi, akaikuta kavu vilevile alivyoifunga jioni. Akamvua mtoto nguo, akampangusa nyayo kwa kitambaa kibichi. Mtoto alikunja uso, akarudi kulala. Akambonyeza pua kwa kidole chini ya taa. Kidole kilipotoka, ngozi ilikuwa ya manjano.

"Amkeni! Twendeni hospitali!"

"Mtoto aliyelala haamshwi," bibi alifoka. "Unatutia kiwewe bure."

"Bibi, kimya hiki si cha usingizi. Na kosa ni langu. Saa saba sikumwamsha mama yake."

Mwalimu alitoka pekupeku kutafuta teksi.

Hospitali walisema mtoto ameishiwa maji na manjano yamepanda. Wakamlaza chini ya taa ya bluu, amefunikwa macho. Muuguzi alionya: maziwa kila baada ya saa mbili, asipoamka aamshwe, akishindwa kunyonya apewe kwa kikombe.

Mzazi alikamua huku machozi yakimtiririka, Mama Macho akishika kikombe. Tone kwa tone mtoto alimeza. Kufika adhuhuri alilowesha nepi, kidogo tu, na muuguzi akaandika.

"Huyu naye anangoja nini?" bibi alimwuliza mkwewe, bila kumtazama Mama Macho. "Kazi yake tumeiona."

"Mama, nani ataniamsha? Wewe? Wewe ukilala ni pono."

Bibi alifyonza, akageukia ukutani.

Mzazi alijinyoosha kwenye benchi, akafumba macho. "Ulinihurumia," alisema polepole. "Leo usinihurumie."

Mama Macho alikaa akitazama saa ya ukutani, na ilipotimia saa nane mchana alimtikisa bega, kwa nguvu.