Pipa la Kwanza la Marlys

Saa mbili asubuhi, Jumapili ya sikukuu ya parokia, Marlys Prochaska yuko kwenye gereji ya nyumba yake mjini Kewaunee, Wisconsin. Anajaza glasi kwa bia aliyoipika mwenyewe. Haina povu wala gesi. Anaonja, anakunja uso.

"Loo! Uji wa mgonjwa!"

Marlys ni dereva wa basi la shule. Tangu majira ya baridi amekuwa akipika bia jikoni na kuitia kwenye chupa, moja moja, mpaka mgongo ukagoma. Safari hii alinunua pipa la chuma lililotumika na mtungi wa gesi ya kuipa bia povu. Ndilo pipa lake la kwanza, na leo linasubiriwa kwenye sikukuu.

Kibanda cha bia cha parokia hakijawahi kumimina bia ya nyumbani. Bi Arlene Wautlet, mwenyekiti wa kamati, alimkubalia shingo upande. "Nakupa nafasi moja, pipa moja, mwanangu. Watu wakiitema, mwakani tunarudi kwenye bia ya kiwandani, na usiniombe tena."

Marlys anampigia simu jirani yake, Gordy Delsart, mpishi wa bia wa siku nyingi. Gordy anafika na ndala zake, anautikisa mtungi. Mtupu.

"Ulifungulia gesi kiasi gani?"

"Kidogo tu. Niliogopa pipa lisije likanilipukia."

"Ndiyo maana! Mfuniko wa pipa hili hauzibi kwa kubembelezwa, dada. Unataka kusukumwa kwa nguvu kutoka ndani. Gesi yote imepita pembeni. Na maji ya sabuni ya kuonyesha panapovuja, hukupaka?"

Marlys anajipiga kofi kwenye paji la uso. Kila siku ya kazi hukagua matairi na breki kabla mtoto hajapanda basi lake. Pipa hakulikagua.

Gordy analeta mtungi wake mwenyewe. Gesi inafunguliwa kwa nguvu, mfuniko unajikaza, tap! Marlys anapaka maji ya sabuni kuzunguka ukingo. Hakuna hata kipovu kimoja. Anapiga kelele kama timu yake imefunga bao.

Kwa kawaida gesi huachwa wiki nzima ijipenyeze kwenye bia. Wao wana muda mpaka misa iishe tu. Marlys anaketi, analilaza pipa la baridi mapajani, analibembeza huku na huku ili gesi iingie haraka, ikinguruma ndani.

"Mtoto mzito hivi sijawahi kulea!"

"Lea tu, mama. Halafu tulipumzishe kwenye barafu na kupunguza gesi, la sivyo utawamiminia povu tupu."

Mchana, booyah, mchuzi mzito wa kuku na mboga, inachemka kwenye masufuria uani mwa kanisa na muziki wa kodiani umepamba moto. Bi Arlene ni wa kwanza kwenye foleni. Marlys anavuta bomba. Bia inashuka ya dhahabu, povu jeupe juu. Bi Arlene anakunywa, anafuta mdomo. Anakunywa tena.

"Nani aliamua huyu alete pipa moja tu?"

"Wewe, Bi Arlene!" foleni nzima inamjibu.

"Basi nilikosea. Jaza hapa."

Marlys anacheka mpaka machozi yanamtoka. Ndoto yake, ambayo wengi huiona utani, ni kustaafu udereva wa basi na kufungua baa ndogo ya bia yake mwenyewe.

"Mwakani mapipa matatu," anasema, akijaza. "Baa itafuata. Waliodhani natania, wapange foleni."